Barua Ipitie kwa Nahodha

Jumapili saa nane mchana, karakana ya Fundi ilikuwa na watu wanne na hasira ya watu arobaini.

Fundi alikuwa fundi wa makochi, kazi aliyoishika miaka ishirini na sita, kwa hiyo wageni wake hawakukosa pa kukaa, ila walikalia mali za watu. Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hakustaafu kusahihisha wenzake, alikuwa kwenye kiti kilichovuliwa kitambaa chote, daftari gotini. Redio, mpaka rangi wa nyumba aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia, alikuwa amezama ndani ya kochi lisilo na springi mpaka magoti yakakaribia kidevu. Nesi wa zahanati ya jirani alikaa juu ya mkono wa kochi hilohilo, mkoba mapajani, kama mtu anayeaga, na alikuwa amekaa hivyo tangu saa sita. Fundi mwenyewe alisimama. Tangu jana jioni alikuwa hatulii popote.

"Hamsini na moja kwa hamsini na nne," alisema Redio kwa mara ya kumi. "Nyumbani kwetu! Mbele ya macho yangu haya!"

Hawa wanne ndio waliokuwa kamati ya mashabiki wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo. Fundi alikuwa mwenyekiti na mpiga ngoma, Mwalimu katibu, na wawili waliobaki walikuwa wajumbe. Walikuwa na muhuri wao wa mpira, wa duara, na chuo kiliwasikiliza, maana bila wao ukumbi wa michezo ungekuwa na viti vitupu na mlinzi anayesinzia. Msimu mzima timu yao haikuwa imefungwa. Jumamosi hiyo ilifika mapumziko ikiongoza thelathini na nne kwa ishirini na mbili, kisha ikapoteza mchezo mbele ya chuo cha ng'ambo ya mto, ambacho wao walikiita Ng'ambo tu kwa sababu hawakuona haja ya kukipa jina zuri zaidi.

"Mimi nilisema zamani," Redio aliendelea. "Kulinda eneo ni ulinzi wa wavivu. Kila mtu anasimama mahali pake kama nguzo ya umeme, anangoja mpira umfuate. Mtu kwa mtu ndio mpira! Unamshika wako, akienda chooni unamfuata."

"Na miguu je?" aliuliza Nesi. "Wale ni watoto wa watu. Ukiwakimbiza mtu kwa mtu dakika arobaini, robo ya nne wanakuwa hoi. Mimi ndiye ninayewakanda misuli, wewe unawapigia kelele tu."

"Kelele zangu zimeshinda mechi ngapi?"

"Tulieni." Mwalimu alifungua daftari. "Si eneo, si mtu kwa mtu. Kocha wetu anabadilisha. Akiinua ngumi, eneo. Akitoa vidole viwili, mtu kwa mtu. Akiweka kiganja kichwani, wanabana uwanja mzima. Huko kubadilisha ndiko kulikotupa mechi saba, kwa sababu mpinzani hajui kinachokuja. Sasa sikilizeni hesabu. Kipindi cha kwanza, Ng'ambo walipata mpira mahali pasipo na mlinzi wetu mara nne. Kipindi cha pili, mara kumi na saba."

Redio alipiga mluzi.

"Kumi na saba," Mwalimu alirudia. "Tukienda eneo, yule mrushaji wao wa mbali amekwisha simama pembeni, peke yake, anajinyoosha. Tukibana, wawili wao wamekwisha kimbilia mbele. Hawakungoja kuona. Walikuwa wanajua."

Fundi alikuwa ameshawaza neno hilo usiku kucha, akiligeuza huku na huku kitandani mpaka mke wake akamwambia ahamie sebuleni, na sasa lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mtu wa hesabu.

"Kuna mtu kawaambia," alisema.

"Kuna mtu," Mwalimu alikubali.

Hapo ndipo walipoanza kuchekecha. Kocha? Hapana, kocha alilia wazi mbele ya watu, na pua ikamvimba. Mbeba maji? Yule hata jina la timu huwa anaulizia. Sisi wenyewe? Wakacheka. Redio alisema wao walifanya kazi yao mpaka jasho la mwisho, ngoma ilipigwa mpaka ngozi ikapata moto, na kama kuna mtu alistahili medali Jumamosi ile ni Fundi. Hilo halikubishaniwa. Fundi alikuwa amekaa safu ya pili, nyuma tu ya benchi la timu, na kwa muda wa mechi tatu alizichunguza ishara za kocha mpaka akazijua zote bila kuambiwa na mtu. Akatunga pigo kwa kila ishara: mapigo mawili mazito kwa eneo, matatu ya haraka kwa mtu kwa mtu, na vurumai ya mikono miwili wakati wa kubana. Ukumbi ulilipenda jambo hilo kuliko mpira wenyewe. Watu walijifunza kupiga makofi pamoja naye, na Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa amewatengenezea watu vitu vya kukalia kwa makalio, aliona kwa mara ya kwanza watu wakisimama kwa sababu yake.

"Ishara ya kocha," alisema Nesi polepole, "nani huiona kwanza uwanjani?"

Kila mmoja alijua jibu, na kila mmoja alimwangalia Fundi kisha akaangalia sakafu. Aliyeiona kwanza na kuwapitishia wenzake alikuwa mchezaji namba nne, mlinzi waliyemwita Ukuta kwa sababu hapitiki. Ukuta alikuwa mtoto wa dada yake Fundi. Alifika kwake akiwa na miaka kumi na mmoja, na sanduku moja na maswali mengi, akalelewa hapo mpaka chuo kikampa nafasi ya masomo na kitanda bwenini kwa sababu ya mpira tu. Akitoka kwenye timu, nafasi inaondoka, kitanda kinaondoka.

"Semeni," alisema Fundi. "Msinionee haya."

"Sitaki kumpaka mtu matope," alisema Nesi, akaukumbatia mkoba wake vizuri zaidi. "Lakini nilichokiona nimekiona. Mchezo ulipokwisha nilikuwa mlangoni. Yule kocha wa Ng'ambo, yule mwanamke mrefu mwenye filimbi, alimwendea Ukuta, akamshika bega, akamnong'oneza sikioni, akacheka. Ukuta hakucheka. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu."

Redio alichomoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amerekodi kipindi chote cha pili, huku mkono ukitikisika kwa mapenzi ya timu. Akatafuta mahali, akawaonyesha. Ukuta alikuwa amegeukia upande wao, viganja vikitazama chini, akivisukuma chini mara tatu, nne, uso umemkunjamana.

"Hiyo ni ishara gani?" aliuliza Redio. "Katika ishara za kocha hiyo haimo. Na upande huo kuna nani? Sisi na benchi letu, na pembeni yake benchi la Ng'ambo."

Fundi alikumbuka vizuri. Jana uwanjani alidhani mtoto anaomba aongeze, naye akaongeza mpaka mabega yakamuuma. Sasa, akiitazama picha ile kwenye kioo kilichopasuka, aliona mikono ya mtu mwingine. Na ndani ya mfuko wa shati alikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kila Jumapili Ukuta huja kula nyumbani. Leo hakuja. Alimtumia mke wa Fundi ujumbe, naye akaupeleka kwenye simu ya mumewe: leo sitakuja, nina neno la kumwambia mjomba lakini sijui nilianzeje.

Angeweza kunyamaza nalo. Lakini alikuwa mwenyekiti, na macho sita yalikuwa yakimpima kama atakingia damu yake. Akaitoa simu, akausoma kwa sauti.

"Basi," alisema Redio, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

Mwalimu aliandika barua palepale, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Kamati ilikuwa na shaka kubwa juu ya mwenendo wa mchezaji namba nne, na iliomba aondolewe kwenye timu wakati uchunguzi ukiendelea. Juu aliandika: Kwa Mkuu wa Michezo, kupitia kwa Nahodha wa Timu.

"Nahodha ana goti," alisema Nesi. "Wiki ya pili sasa yuko kitandani."

"Utaratibu ni utaratibu," alijibu Mwalimu. "Barua ya timu hupitia kwa nahodha, awe na goti au asiwe nalo."

Ilipofika saa ya kutia saini, kalamu ilizunguka hewani bila mwenyewe. Fundi aliichukua.

"Nitaanza mimi," alisema, "msije mkasema nampendelea mtoto wa dada yangu." Akaweka jina lake la kwanza kabisa, kubwa, la wazi, mbele za watu. Wenzake walimtazama kwa heshima, naye aliisikia heshima hiyo ikimpita kooni kama dawa chungu. Wengine wakafuata. Mwalimu akagonga muhuri.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mwalimu aliipeleka barua chuoni. Redio alipita karakana akaacha simu yake, ili Fundi aweke alama mahali panapofaa kuonyeshwa kwenye uchunguzi, akaenda kupaka rangi ukuta wa mtu. Fundi alikuwa na benchi la daktari wa meno la kumaliza kabla ya mchana. Aliiweka simu juu ya dirisha, akaibonyeza icheze, akajaza misumari midogo mdomoni.

Hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wa makochi. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, kwa hiyo misumari hukaa mdomoni, inatolewa mmojammoja kwa ulimi. Mtu anayefanya kazi hiyo hawezi kusema, na hawezi kugeuza shingo kuangalia picha, maana akikilegeza kitambaa kinajikunja. Fundi alibaki na masikio tu.

Akasikia ngoma yake. Ilikuwa nzuri, hata kwenye simu mbovu. Du, du. Eneo hilo. Kisha sauti ya mwanamke, mbali kidogo, kali: "Pembeni!" Kisha viatu vikikwaruza, kisha mguno wa ukumbi: wamefunga. Akagonga msumari. Ikaja du-du-du, mtu kwa mtu. Sauti ileile: "Mzunguke!" Viatu, mguno. Akagonga mwingine. Ikaja vurumai. "Mbele! Mbele!" Mguno.

Nyundo ilisimama hewani.

Aliurudisha mchezo nyuma kwa kidole kimoja, mkono mwingine bado umeshika kitambaa. Du, du: "Pembeni!" Du-du-du: "Mzunguke!" Akarudisha tena. Akaanza kuhesabu kama Mwalimu. Tisa. Kumi. Kumi na mbili. Kila mara ngoma kwanza, sauti ya yule kocha mwenye filimbi pili, na kikapu tatu. Na katikati, pale ngoma ilipolia kwa nguvu kuliko mahali pengine pote, ndipo alipojua Ukuta alikuwa amesimama, viganja chini, akimsukumia mjomba wake mikono: punguza, punguza, nyamaza.

Nusura ameze misumari. Aliitema yote kiganjani, na kitambaa cha daktari wa meno kikajikunja kama ngozi ya maziwa. Hakukitazama. Alitoka na aproni yake kiunoni, vumbi la sponji kichwani, akashika njia ya chuoni kwa miguu, akikimbia pale alipoweza na kutembea pale ambapo kifua kilikataa.

Ofisi ya michezo ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la vikombe na karani mmoja.

"Barua ya mashabiki," alisema Fundi, akihema. "Nimekuja kuichukua."

"Imeshapita."

"Imepita wapi?"

"Kwa nahodha. Si ndivyo mlivyoandika?" Karani alifungua kitabu cha barua zilizoingia, akaonyesha mstari kwa kidole. "Nahodha mwenyewe yuko na goti lake, kwa hiyo nimempa kaimu."

"Kaimu ndiye nani?"

Karani aliinua macho taratibu. "Mzee, wewe si mwenyekiti wa mashabiki? Namba nne. Yule mnayemwita Ukuta."

Alimkuta kwenye ukumbi wa michezo, peke yake. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki na ilinuka sabuni. Binti alikuwa amekaa safu ya pili, kwenye kiti chake Fundi, mahali ngoma hukaa, na barua ilikuwa imefunguliwa juu ya goti.

"Shikamoo, mjomba."

Fundi alitamani asingeamkiwa. "Marahaba."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Wa kwanza kabisa."

"Wa kwanza," alisema Fundi. Kisha, kwa sababu hakuwa na kitu kingine: "Nimesikia ngoma."

"Umesikia lini?"

"Leo asubuhi. Kwenye simu ya Redio."

"Mimi nilisikia robo ya tatu." Aliinua viganja akavisukuma chini, kama kwenye picha. "Nikakuonyesha hivi."

"Nilidhani unaomba niongeze."

"Najua. Uliongeza."

Fundi alikaa kiti cha pili kutoka kwake, akaacha kimoja katikati. "Na yule mwanamke alikunong'oneza nini?"

"Alisema, mpe mpiga ngoma wenu shukrani zangu." Alikuwa hamtazami. "Kocha wetu alikuwa karibu, akasikia. Alikasirika, mjomba, sijawahi kumwona vile. Alitaka akufuate palepale jukwaani akuambie, na kuanzia Jumamosi ijayo ngoma izuiwe mlangoni. Nikamshika mkono. Nikamwomba aniachie mimi. Nilimwambia mjomba wangu si mtu wa kuambiwa jambo kama hili mbele za watu."

Fundi alipangusa vumbi la sponji kichwani.

"Jana, baada ya kutuma ule ujumbe, nilijikaza nikafika mpaka kwenye kona ya barabara yenu," aliendelea binti. "Ilikuwa kama saa nane. Nikasikia mnabishana humo karakanani, nikasema wana wageni, nikarudi."

Saa nane. Fundi aliona kalamu ikizunguka hewani bila mwenyewe, akajiona akiichukua. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akashukuru kwamba ukumbi ulikuwa mtupu, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

"Nipe barua hiyo niichane."

"Haichaniki. Karani ameiandika kwenye kitabu. Nikiificha, watasema huo ndio ushahidi wenyewe." Aliikunja vizuri kwenye mikunjo yake. "Kesho saa nne nampelekea mkuu wa michezo, kama ilivyoandikwa. Wanaoweza kuifuta ni waliotia saini tu. Wote wanne. Mmoja akibaki, shaka imebaki."

"Nitawaambia leo hiihii."

"Waambie," alisema Ukuta, akasimama. "Mbele zao, kama ulivyonisema mbele zao."

Saa kumi jioni kamati ilikuwa imekaa kwenye viti vyake vilevile, isipokuwa Mwalimu, ambaye kiti chake kilikuwa kimepata kitambaa kipya na Fundi hakutaka kichafuke, kwa hiyo akahamia kwenye benchi la daktari wa meno. Fundi alisimama katikati ya karakana akasema yote bila kupunguza: ngoma, sauti ya kocha wa Ng'ambo, viganja, mnong'ono, ujumbe wa Jumapili.

Redio alikuna shingo. Nesi alifungua mkoba akaufunga.

"Umeenda kumwona," alisema Mwalimu. Halikuwa swali.

"Nimemwona."

"Na baada ya kumwona ndio umepata haya maelezo."

"Nimeyapata kabla! Nimeyasikia hapa, nikiwa na misumari mdomoni!"

"Fundi," alisema Nesi kwa upole, sauti ile anayoitumia kabla ya sindano, "hakuna anayekulaumu. Ningekuwa mimi, na ni mtoto wa dada yangu, hata mimi ningejitwisha lawama."

"Tulijua ungefika hapa," Redio aliongeza. "Tena umechelewa. Mimi nilikupa mpaka jana usiku."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Jana alimtosa mtoto ili waamini kwamba hapendelei, na wakaamini. Leo alikuwa na ukweli mtupu mkononi, nao waliutazama na kuona mjomba tu. Hasira ilimjaa kifuani, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa maana shaka hii alisaidia kuilisha ikanenepa. Alikwenda kwenye rafu, akachukua mabaki ya kitambaa cheusi cha makochi, akakata vipande vitatu kwa mkasi.

"Fungeni macho," alisema.

"Tufunge nini?"

"Macho. Mimi sikuona kitu, nilisikia tu. Na nyinyi msione. Mwalimu, wewe hesabu kwa vidole kila ngoma inapojibiwa. Nikishaona umefika saba na bado mnasema najitwisha, barua na ibaki, na mimi najiuzulu."

Labda lilikuwa neno la kujiuzulu, labda ulikuwa udadisi tu, walifunga. Watu wazima watatu walikaa kwenye makochi ya watu, vitambaa vyeusi usoni, na mama mmoja aliyepita barabarani akachungulia, akaharakisha hatua. Fundi aliibonyeza simu.

Du, du. "Pembeni!" Mguno.

Du-du-du. "Mzunguke!" Mguno.

Kidole cha kwanza cha Mwalimu kilikunjika, kikafuata cha pili. Redio alikuwa anatabasamu bado, akitikisa kichwa kwa mdundo, kwa sababu ngoma ilikuwa nzuri kweli. Kisha vurumai ikaja, na ndani ya vurumai, karibu kabisa na simu, sauti ambayo kila mtu mle ndani aliijua ikapasuka kwa furaha: "Wanabana! Wanabana hao! Uwanja mzima!"

"Mbele! Mbele!" akajibu yule mwanamke wa Ng'ambo, kana kwamba walikuwa wanaongea.

Tabasamu la Redio lilibaki usoni muda kidogo baada ya mwenyewe kuondoka. Du, du, ikalia simu. "Eneo!" ikapiga kelele sauti yake. "Wamerudi eneo!" Na nyuma yake ilikuja sauti ya Nesi, na makofi ya safu nzima, na hata Mwalimu, mtu wa heshima zake, akihesabu kwa sauti kila pigo. Kidole cha tano. Cha sita. Kwenye cha saba Mwalimu aliushusha mkono wote gotini.

"Zima, Fundi," alisema Nesi.

Fundi hakuzima. Alitaka wafike pale penye nguvu, pale alipoongeza. Walipofika, alisema tu, "Hapa ndipo aliponisukumia mikono," na hapo akazima.

Redio alikivua kitambaa, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka hakikunjiki tena. Hakusema neno, na hakusema neno mpaka walipoachana, jambo ambalo watu wa mtaa ule hawakuliamini waliposimuliwa. Mwalimu aliomba karatasi. Aliandika kwamba kamati inaifuta barua yake ya kwanza yote, kwamba mchezaji namba nne hana kosa, na kwamba siri ya ulinzi wa timu ilitolewa na jukwaa la mashabiki, safu ya pili. Alipofika juu alisita, kisha akaandika kupitia kwa nahodha, maana utaratibu ni utaratibu. Nesi alitia saini, Redio akatia, Mwalimu akatia. Fundi aliwaacha wote wamalize kwanza, halafu akaweka jina lake chini kabisa, herufi ndogo, kwa sababu hakujiona na haki ya kuwa juu ya mtu.

Asubuhi saa nne kasoro alikuwa amesimama nje ya ofisi ya michezo. Ukuta alifika na ile barua ya kwanza mkononi. Walisalimiana. Fundi alimpa ya pili, naye binti akaisoma palepale amesimama, mstari kwa mstari, mpaka kwenye majina, na kwenye majina alichelewa.

"Jina lako liko mwisho, mjomba."

"Ndiyo."

"Nimelitafuta." Alizipanga barua mbili pamoja, ya pili juu ya ya kwanza, akazinyoosha kingo. "Lile la jana nililiona mara moja."

"Jumapili utakuja?" aliuliza Fundi.

Binti alifikiri kwa haki, kama mtu asiyetaka kudanganya. "Jumapili hii, hapana," alisema. Akagonga mlango wa mkuu wa michezo, akaitikiwa, akaingia.